Kabari Iliyong'arishwa: Ustadi wa Kuulinda Mfupa wa Nyonga

Ukilishika mkononi shina la nyonga bandia liitwalo Exeter, utashangazwa kwanza na usahili wa umbo lake. Ni kipande cha chuma kisichoshika kutu, chenye urefu wa kama milimita 150. Upande wa juu ni kinene, hapo ndipo inapoanzia shingo inayobeba kichwa cha duara. Kutoka hapo kinasinyaa taratibu, kwa unene na kwa upana, mpaka kwenye ncha. Hakina matundu wala meno, na hakina ukosi wa kukizuia kisishuke. Kimesuguliwa hadi unajiona sura yako ndani yake. Asiyejua atadhani mng'ao ule uliwekwa kumpendeza mnunuzi. Kumbe umefanyiwa kazi kubwa na umelipiwa gharama kubwa, kwani kwa miaka kumi shina hilohilo liliwahi kutengenezwa bila mng'ao, na walioona matokeo yake ni wagonjwa, ndani ya mifupa yao ya paja.

Tumezoea kuusifu upasuaji wa kubadilisha nyonga kwa yale yanayoonekana upesi. Bibi aliyekuwa akibebwa sasa anakwenda sokoni kwa miguu yake. Mzee aliyekuwa halali kwa maumivu sasa analala usiku kucha. Sifa hizo ni halali kabisa. Lakini mafundi wenyewe, wanaosanifu nyonga bandia na wanaoziweka, wana kipimo kingine kinachochukua muda mrefu kutoa jibu. Wanauliza: baada ya miaka ishirini, mfupa unaoizunguka una hali gani? Chuma kikilegea kitatolewa na kingine kitawekwa, ila mfupa uliokwisha hauuzwi dukani. Kwa hiyo anayetaka kuujua ustadi wa nyonga bandia na aanze kwa kuutazama mfupa.

Mfupa ni kiungo hai. Ndani yake kuna seli zinazobomoa mfupa uliochoka, na nyuma yao zinakuja seli zinazojenga mpya, usiku na mchana, maisha yote. Kinachoamua upande upi uzidi ni kazi. Mfupa unaobebeshwa mzigo hujengwa ukawa imara. Unaokosa mzigo hubomolewa kidogo kidogo. Ndiyo maana mgonjwa aliyelala kitandani miezi mingi hupoteza mfupa, na wanaanga waliokaa angani wakielea hurudi duniani mifupa yao ikiwa imepungua.

Jambo hili lilianza kueleweka kwa njia ya kupendeza. Katika miaka ya 1860, mjini Zurich, mtaalamu wa anatomia Hermann von Meyer alikuwa na michoro ya sehemu ya juu ya mfupa wa paja uliopasuliwa katikati kwa urefu. Ndani yake kulionekana vijiti vyembamba sana vya mfupa, vikipinda na kukatana kwa mpangilio usiobadilika kutoka mtu hadi mtu. Mhandisi Karl Culmann alipoiona michoro hiyo aliitambua mara moja. Ilikuwa mistari ileile aliyokuwa akiichora yeye alipokokotoa njia za mzigo ndani ya mkono wa kreni. Mfupa ulikuwa umejipanga kufuata njia za mzigo, bila kutumia mfupa wa ziada mahali usipohitajika. Mwaka 1892 Julius Wolff wa Berlin aliitolea kanuni hiyo kitabu kizima, na hadi leo madaktari wa mifupa wanaiita sheria ya Wolff.

Sasa tazama kinachotokea katika chumba cha upasuaji. Daktari anakikata kichwa cha mfupa wa paja pamoja na sehemu ya shingo yake, anausafisha uwazi wa uboho, kisha anatia shina la chuma. Mtu akitembea, nyonga hubeba kama mara mbili na nusu ya uzito wa mwili wake kwa kila hatua. Mzigo huo zamani ulipita kwenye vile vijiti vya Culmann. Sasa unaingia kwenye chuma, unateremka nacho, na unaupata mfupa huko chini karibu na ncha. Mfupa wa juu, ule uliokuwa na kazi nzito kuliko wote, umenyang'anywa kazi. Seli za kujenga hazina sababu ya kujenga, za kubomoa zinaendelea na shughuli zao, na mwaka baada ya mwaka ukuta wa mfupa unakuwa mwembamba pale pale unapohitajika zaidi. Hakuna aliyekosea upasuaji. Chuma kimekuwa hodari kupita kiasi, na uhodari wake ndio unaoudhoofisha mfupa.

Hesabu yake haina huruma. Aloi ya kobalti na kromu ina ukakamavu wa zaidi ya mara kumi ya ule wa gamba la mfupa. Aloi ya titaniamu ni mara sita hivi. Tena umbo linazidisha: ukakamavu wa nondo ya duara dhidi ya kupinda hupanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake, kwa hiyo shina lenye kipenyo mara mbili ya jingine ni kakamavu mara 16. Mmarekani Charles Engh na wenzake, waliotumia mashina yenye vitundu vidogo ambamo mfupa huota na kushika bila saruji ya kujaza nafasi kati yake na chuma, walichapisha mwaka 1987 matokeo yaliyothibitisha hivyo. Mashina yenye kipenyo cha milimita 13.5 na zaidi yaliandamana na upungufu mkubwa wa mfupa wa juu kuliko yale membamba. Shina lilishika barabara, mgonjwa akafurahi, na eksirei zikaonyesha mfupa ukififia.

Jibu la haraka lingekuwa kutengeneza shina laini linalopinda pamoja na mfupa. Robert Mathys wa Uswisi alilijaribu wazo hilo tangu mwaka 1973, kwa shina la plastiki ngumu lenye kiini cha chuma. Wazo lilikuwa zuri na nia ilikuwa njema, lakini mfupa haukulipokea. Shina lililopinda kupita kiasi lilichezacheza ndani ya uwazi wake, na mfupa hauwezi kushikana na kitu kinachocheza. Mwendo ukizidi kiasi cha maikromita 150, yaani chini ya moja ya tano ya milimita, panapotakiwa kuota mfupa huota utando wa nyama ya kovu. Shina hulegea, na linapolegea husaga mfupa kwa njia nyingine. Hapo ndipo ugumu wa kazi hii ulipo. Shina gumu mno huuacha mfupa bila kazi, laini mno huuchakaza, na nafasi iliyo katikati ni finyu.

Adui wa pili wa mfupa ni vumbi, na aliyekutana naye kwanza kwa uchungu ni John Charnley. Katika hospitali ya Wrightington, Lancashire, mwishoni mwa miaka ya 1950, Charnley alianza kuweka nyonga zenye kichwa kidogo cha chuma kinachozunguka ndani ya kikombe cha Teflon, plastiki inayoteleza kuliko karibu zote. Wagonjwa walitembea vizuri mno. Baada ya miaka michache tu, kichwa kilikuwa kimejichimbia ndani ya kikombe, na vumbi la Teflon lilikuwa limesababisha uvimbe uliokuwa ukiula mfupa. Wagonjwa wapatao 300 walikuwa wamekwisha kuwekewa. Charnley aliwarudisha chumba cha upasuaji na kuirekebisha kazi yake kwa mikono yake mwenyewe. Ili kujua plastiki inavyopokewa na mwili, alijiwekea chembe zake ndani ya paja lake.

Mwaka 1962 mchuuzi alipita Wrightington na kipande cha polietilini ngumu, iliyokuwa ikitumika kwa gia za mashine za kufumia nguo huko Lancashire. Charnley hakuvutiwa. Lakini fundi wake wa karakana, Harry Craven, alikitia kwenye mashine ya kupimia ulikaji bosi wake akiwa safarini. Baada ya wiki tatu za kuzunguka, kipande kile kilikuwa hakijalika hata kiasi ambacho Teflon ililika kwa siku moja. Mwezi Novemba mwaka huohuo kikombe cha kwanza cha polietilini kiliwekwa. Charnley alibaki na kichwa kidogo chenye kipenyo cha milimita 22.225, yaani inchi saba ya nane, akijua kwamba kichwa kidogo husugua eneo dogo na hutoa vumbi kidogo. Inafaa kulitaja jina la Craven kila panapotajwa la Charnley. Ustadi wa nyonga bandia tangu mwanzo ulikaa katika mikono miwili, wa daktari na wa fundi wa karakana.

Hata hivyo polietilini nayo ililika, polepole. Chembe zake nyingi hazifiki hata maikromita moja, na kwa kila hatua idadi yake inakadiriwa kwa mamia ya maelfu. Seli za ulinzi wa mwili huzimeza, hushindwa kuzimeng'enya, na katika hasira yao hutoa kemikali zinazoziamsha seli za kubomoa mfupa. Kikulacho ki nguoni mwako: kiungo kilichokuja kumwondolea mtu maumivu hulisha kidogo kidogo kinachoula mfupa wake. Kwenye eksirei huonekana mapango meusi kando ya shina au nyuma ya kikombe. Na jambo baya kuliko yote, mgonjwa mara nyingi haumwi. Anatembea juu ya mfupa uliotoboka mpaka siku chuma kinapocheza au paja linapovunjika.

Katika miaka ya 1980 wengi waliilaumu saruji ya mfupa, wakauita uharibifu huo ugonjwa wa saruji, na wakaiacha. Baadaye mapango yaleyale yakaonekana kwenye nyonga zisizokuwa na saruji hata chembe. Mkosaji mkubwa alikuwa vumbi la plastiki. Dawa ilipatikana mwishoni mwa miaka ya 1990. Polietilini ilipigwa mionzi ili minyororo yake ya molekuli ifungane, kisha ikapashwa moto ili mabaki ya mionzi yasiiozeshe baadaye. Vikombe vya aina hiyo hulika kidogo sana, na mapango yamekuwa machache mno kuliko ilivyokuwa kwa kizazi kilichotangulia.

Baada ya kuyajua hayo, shina la Exeter linatazamika kwa jicho jingine. Lilibuniwa katika mji wa Exeter, kusini magharibi mwa Uingereza, na watu wawili: Robin Ling, daktari wa mifupa, na Clive Lee, mhandisi wa chuo kikuu cha mji huo. La kwanza liliwekwa mwaka 1970. Lilikuwa la kabari, halina ukosi, limeng'arishwa. Mwaka 1976 likabadilishwa. Baadhi ya mashina ya mwanzo yalikuwa yamevunjika, hivyo kilihitajika chuma imara zaidi, na katika mabadiliko hayo uso nao uliachwa bila kung'arishwa, ukawa wa kijivu kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Hakuna aliyeona kuwa ni jambo kubwa. Tofauti kati ya nyuso hizo mbili, ukipima vilima na mabonde yake, ni kama maikromita moja, sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwa kidole unaihisi kwa shida.

Mfupa uliihisi. Miaka ilivyokwenda, mashina ya kijivu yakaanza kulegea kwa wingi na kuacha mapango. Yale ya zamani yaliyong'arishwa yalikuwa na tabia ya ajabu: yalikuwa yameshuka milimita moja au mbili ndani ya saruji yake. Kwa fikra iliyotawala wakati huo, shina lililoshuka lilikuwa limeshindwa, kwa kuwa chuma na saruji vilitakiwa vishikane kabisa visiachane. Ila wenye mashina hayo yaliyoshuka hawakuumwa, na mfupa wao kwenye eksirei ulikuwa umekaa vizuri. Ling na Lee wangeweza kuupuuza ushahidi huo na kulitetea shina jipya. Wao waliufuata. Mwaka 1986 walirudi kwenye mng'ao.

Mkulima yeyote anayetumia jembe la msumari anaifahamu siri ya kabari. Msumari wa jembe huchongwa mpana kwenye jani na mwembamba kwenye ncha, ukatiwa kwenye tundu la mpini. Kila unapolima, jembe linazidi kujikaza. Shina la Exeter hufanya hivyo ndani ya saruji. Mtu akikanyaga, shina hushuka kwa kiasi kisichoonekana na kuisukuma saruji kwa nje, nayo saruji huusukuma mfupa. Mzigo uliokuwa uteremke kando ya mfupa unageuzwa kuwa mgandamizo unaoubana mfupa kutoka ndani, kwa urefu wote wa shina. Saruji huvumilia sana kubanwa na huvumilia kidogo kuvutwa au kukwaruzwa, kwa hiyo shina linaibebesha kazi inayoiweza. Nayo saruji, ijapokuwa inaonekana kama jiwe, hunyumbulika polepole mno ikikaa chini ya mzigo, na mtu akilala usiku mkazo wake hupungua. Shina hujikaza mahali papya, na siku inayofuata kazi huanza upya.

Yote hayo yanategemea mng'ao. Uso laini huteleza bila kukwangua, hujibana upya kila unaposhuka, na huziba njia kati ya chuma na saruji. Uso wa kijivu ukianza kucheza, na siku moja utacheza, hufanya kazi ya tupa. Husaga saruji na chuma kuwa vumbi, na hufungua mwanya ambamo majimaji ya kiungo husukumwa kuteremka pamoja na vumbi hilo hadi kwenye mfupa. Maikromita moja imeamua kama seli za kubomoa zitalala au zitaamka.

Kati ya mwaka 1970 na 1975 ziliwekwa nyonga 433 za shina lile la mwanzo, nyingi zikiwekwa na madaktari waliokuwa bado mafunzoni. Zilifuatiliwa kwa zaidi ya miaka 30. Ukihesabu mashina yaliyolegea bila maambukizi mpaka yakahitaji kubadilishwa, zaidi ya asilimia 90 hayakufika huko. Ninalistahi jambo hilo kuliko takwimu yoyote ya hospitali kubwa yenye bingwa mmoja. Kifaa kinachofanya kazi mikononi mwa mwanafunzi kimesanifiwa kwa kuwajali watu wote.

Hata hivyo kifaa hakijiweki, na mikono ya daktari ina dakika chache tu za kuonyesha ilichojifunza. Anapofungua uwazi wa uboho hatakiwi kukwangua mpaka kwenye gamba la nje. Anaacha milimita mbili au tatu za mfupa wenye vitundu, ule ulio imara, kwa sababu humo ndimo saruji itakamoingia na kushika. Anaosha kwa maji yanayopigwa kwa mapigo mpaka mafuta na damu vitoke kwenye kila kitundu, kisha anakausha kwa shashi. Chini anaweka kizibo. Unga na kimiminika cha saruji vinachanganywa, na tangu hapo saa inakwenda: ndani ya dakika kumi hivi itakuwa imekuwa jiwe. Anaijaza kwa bomba kuanzia chini kupanda juu ili isibaki hewa, anaziba mdomo wa mfupa kwa raba na kusukuma ili saruji ipenye kwenye vitundu kabla damu haijairudisha. Hapo anangoja. Akitia shina mapema mno, saruji ingali uji, haitasukumwa kwa nguvu, akichelewa, haitaingia. Akiona imefikia ukomavu anaoutaka, analiteremsha shina polepole huku kidole gumba kimebana ukingo wa ndani wa mfupa ili saruji isitoroke. Kwenye ncha ya shina kuna kofia ndogo ya plastiki yenye uwazi ndani, ili kabari iwe na mahali pa kushukia miaka ijayo. Mwishowe anashikilia, hatikisi, mpaka saruji ikauke.

Saruji hii si gundi. Charnley alilisisitiza hilo tangu zamani. Haigandi kwenye mfupa, inajaza tu nafasi na kusambaza mzigo kwa kupenya kwenye vitundu. Asiyeosha mfupa vizuri hajakosea kitu cha kuonekana siku hiyo. Mgonjwa wake atasimama kesho kama wa mwenzake. Tofauti itaonekana baada ya miaka kumi na tano, na hii ndiyo sababu ninauheshimu uaminifu wa anayeosha kwa dakika mbili zaidi akijua hakuna atakayemsifu.

Na mfupa ukishaliwa? Hapo ustadi unafika kilele chake. Mjini Nijmegen, Uholanzi, Tom Slooff na wenzake walikuwa wakijaza mashimo ya upande wa kikombe kwa vipande vya mfupa vilivyoshindiliwa. Mwaka 1987, huko Exeter, Ling na Graham Gie walianza kuitumia njia hiyo ndani ya mfupa wa paja. Vichwa vya paja vilivyotolewa kwa wagonjwa wengine na kutolewa hiari, vikahifadhiwa kwenye baridi kali, husagwa kuwa vipande vidogo. Palipotoboka hufunikwa kwa wavu wa chuma. Kisha vipande vinatiwa na kushindiliwa kwa nyundo, tabaka juu ya tabaka, kwa kutumia kishindilio chenye umbo la shina lenyewe, mpaka kishindilio kigome kuzunguka mkononi. Ndani ya uwazi huo mpya hutiwa saruji na shina lililong'arishwa. Ni kazi ya saa nyingi na ya jasho. Lakini kabari hiyo ikianza kuvisukuma vile vipande kwa nje, vinapata mzigo. Na mfupa, kama Wolff alivyofundisha, huufuata mzigo. Mishipa ya damu hupenya, na kwa miezi na miaka sehemu kubwa ya vipande vile vya mfupa mfu hugeuka kuwa mfupa hai. Shina lilelile linaloulinda mfupa uliopo limesaidia kuuotesha uliokwisha.

Wenye kutumia saruji si wao peke yao waliojifunza. Wasanifu wa mashina yasiyo na saruji nao walipunguza kimo cha sehemu yenye vitundu, wakaiweka juu tu ili mzigo uingie mfupani mapema. Walichagua titaniamu badala ya kobalti, wakachonga kabari, na tangu katikati ya miaka ya 1980 wengine wakapaka hidroksiapatiti, madini ya mfupa wenyewe, ili mfupa ulipokee shina upesi. Njia ni mbili, lakini swali ni lile la Culmann: mzigo unapita wapi?

Swali hilo linatuhusu sana sisi wa Afrika Mashariki. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na selimundu. Chembe za damu zilizopinda huziba mishipa midogo inayolisha kichwa cha mfupa wa paja, kichwa kikafa na kubonyea, na kijana wa miaka ishirini na kitu akawa anachechemea kama mzee. Upasuaji wa kubadilisha nyonga unafanyika nchini, ikiwamo katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, na kijana huyo anaweza kusimama tena. Ila mwenye umri huo ana miaka hamsini mbele yake. Karibu hakika atarudi kubadilishiwa, pengine zaidi ya mara moja, na kila mara daktari atahitaji mfupa wa kufanyia kazi. Kwake yeye, shina linalobakisha mfupa ni akiba ya maisha.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Wanaonunua vifaa kwa ajili ya hospitali zetu wasiulize bei peke yake; waulize kifaa kimefuatiliwa miaka mingapi na mfupa ulibaki vipi. Wakuu wa afya watunze daftari la taifa la nyonga bandia. Sweden inalo tangu 1979, na jirani zetu wa Malawi walianzisha lao mwaka 2005, kwa hiyo hatuna kisingizio cha umaskini. Nawe msomaji uliyewekewa nyonga, au uliye na mzazi aliyewekewa, hifadhi karatasi yenye jina na namba ya kifaa, na urudi kupigwa eksirei kila daktari anapokupangia, hata kama unatembea vizuri. Mfupa ukiliwa haupigi kelele. Eksirei ndiyo itakayokuambia mapema.